Zanzibar na watoto sita: nyumba au hoteli, na kila mtoto analipiwa vipi?

MamaWaMakulu

Wadau, habari za leo.

Naomba msaada wa mahesabu. Tunataka kutoka Dodoma kwenda Unguja mwezi wa 12, usiku sita, tumefikiria tarehe 22 hadi 28. Tupo wanane: mimi, mama yangu (miaka 68, goti linamsumbua, ngazi hawezi) na watoto sita. Binti 17, wavulana wawili 14 na 12, wasichana wawili 9 na 6, na mdogo kabisa anayetimiza miaka miwili tarehe 9 Desemba. Wa 14 na wa 9 ni watoto wa kaka yangu ninaowalea, kwa hiyo majina yao ya ukoo ni tofauti na ya wangu. Watu wazima ni mimi na mama tu.

Nikiingiza idadi hii kwenye mitandao ya kubuki, mara inasema hakuna nafasi, mara inanipa vyumba vinne. Vifurushi vyote vinavyotangazwa ni vya baba, mama na watoto wawili. Hoteli moja imeniambia mtoto mwisho ni miaka 11, nyingine ikasema 15. Nauliza: nyumba nzima au hoteli? Na nikiomba bei niombeje ili nisije kushtukizwa siku ya kutoka?

Natanguliza shukrani.

---

Kibweta

Dada, kabla ya kutafuta bei yoyote, chukua karatasi uandike majina manane, tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja, umri wake siku ya kuondoka na umri wake siku ya kurudi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokolea pesa, maana kila anayekuuzia huduma ana mipaka yake ya umri na hakuna anayejali mipaka ya mwenzake.

Treni ya SGR inatoza nusu nauli kwa miaka 4 hadi 12. Kwenye ndege mtoto ni miaka 2 hadi 11, na chini ya 2 ni kichanga. Hifadhi za taifa (TANAPA) zina bei ya mtoto kwa miaka 5 hadi 15, chini ya 5 ni bure. Airbnb inamhesabu mtu kuwa mkubwa kuanzia miaka 13, na wa chini ya miaka 2 haingii kabisa kwenye idadi ya wageni. Hoteli nyingi za pwani hukomesha bei ya mtoto kwenye 11, chache hufika 15. Kwa hiyo huyo wako wa 12 ni nusu kwenye treni, lakini ni mtu mzima kwenye ndege na kwenye hoteli nyingi. Wa 14 ni mtu mzima karibu kila mahali, isipokuwa mkipita hifadhi ya Mikumi, hapo getini ni mtoto.

Mitandao inakukatalia kwa sababu mfumo unatafuta chumba au mseto wa vyumba vyenye ruhusa ya idadi hiyo, na vyumba vingi vimesajiliwa kwa watu wazima wawili na watoto wawili, au watu wazima watatu. Ukiandika "wakubwa 2, watoto 6", unauomba uweke mkubwa mmoja na watoto watatu katika kila chumba. Hauwezi. Tumia mtandao kuangalia bei ya watu wawili tu kwa tarehe zako, upate kipimo, kisha mwandikie meneja wa hoteli moja kwa moja.

Sasa mtego wenyewe. Bei ya hoteli hutolewa kwa mtu mmoja, kwa masharti kwamba chumbani wapo wawili. Punguzo la mtoto la asilimia 50 nalo lina masharti: mtoto alale chumba kimoja na watu wazima WAWILI. Mzazi akiwa peke yake na watoto, hoteli nyingi humtoza mtoto wa kwanza bei kamili kana kwamba ndiye mtu mzima wa pili, na punguzo linaanzia kwa anayefuata. Hapa ndipo akina mama wanaosafiri na watoto bila mwenza wanapoumia, na mara nyingi hawaambiwi.

Chukua mfano. Tuseme bei ni sh 90,000 kwa mtu mzima kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, mtoto wa 3 hadi 11 nusu, chini ya 3 bure, mtu mzima wa tatu chumbani anapunguziwa asilimia 30.

Mpangilio ambao hoteli itakupa yenyewe ni vyumba vitatu. Wewe na wasichana wawili na mdogo: 90,000 yako, 90,000 ya wa 9 (bei kamili kwa sababu upo peke yako), 45,000 ya wa 6, jumla 225,000. Bibi na binti wa 17: 180,000. Wavulana wawili: 180,000. Kwa usiku ni 585,000. Tena hicho chumba cha wavulana kina walakini, maana hoteli nyingi hazikubali chumba cha watu wa chini ya miaka 18 watupu.

Panga wewe mwenyewe. Chumba cha kwanza ulale wewe na binti wa 17, ambaye hoteli inamtoza kama mtu mzima hata hivyo, basi na akufanyie kazi ya mtu mzima wa pili: 90,000 + 90,000 + 45,000 + 45,000 = 270,000, na mdogo kwenye kitanda chake bure. Chumba cha pili bibi na wajukuu wake wa kiume, vitanda vitatu: 90,000 + 90,000 + 63,000 = 243,000. Jumla 513,000 kwa usiku, vyumba viwili, kila chumba kina mkubwa, na hakuna binti aliyechanganywa na wavulana. Tofauti ni 72,000 kwa usiku, yaani 432,000 kwa siku zenu sita. Huduma ni ileile, hoteli ni ileile.

Ujumbe wa kutuma uwe hivi, uongeze tarehe zako tu:

"Habari. Naomba bei ya jumla kwa shilingi, kodi na tozo zote zikiwa ndani, usiku 6, kulala na kifungua kinywa. Chumba 1: mwanamke mtu mzima, binti 17, msichana 9, msichana 6, mtoto anayetimiza miaka 2 tarehe 9 Desemba (kitanda kidogo cha mtoto). Chumba 2, ghorofa ya chini: mama wa miaka 68, mvulana 14, mvulana 12, vitanda vitatu vya mtu mmoja. Naomba vyumba vinavyofunguana kwa mlango wa ndani, kama hakuna basi vilivyopakana. Tafadhali andika bei ya kila mtu peke yake, gharama ya kitanda cha ziada, na kama kuna malipo yoyote ya siku ya kutoka."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Unguja kuna tozo ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na hoteli nyingi huikusanya mgeni anapoondoka. Kwa mtu na mwenzake ni kitu kidogo, kwenu ni mara 48. Uliza watoto wa umri gani wamo kwenye hesabu hiyo. Na shilingi omba bila kuona haya. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza na kutoza bei za huduma nchini kwa dola.

Tarehe: 22 hadi 28 Desemba ni wiki ya bei za juu kuliko zote. Hoteli huongeza bei ya msimu, huweka idadi ya chini ya usiku, na nyingine zina chakula cha sherehe cha lazima tarehe 24 na 31, kinacholipwa kwa kichwa. Shule zikifungwa mapema Desemba, nendeni 6 hadi 12. Bahari ni ileile, na vyumba vingi bado vitupu.

---

chuma_cha_reli

Nyumba tu dada. Kwa watoto sita hoteli ni kutupa pesa.

---

Kibweta

@chuma_cha_reli kwa usiku sita naafikiana na wewe, lakini tuweke namba. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu ni 350,000 kwa usiku. Kwa siku sita ni 2,100,000. Ongeza ada ya usafi ya mara moja 50,000, umeme 60,000, mpishi 30,000 kwa siku (180,000), vitu vya kifungua kinywa 25,000 kwa siku (150,000). Inafika 2,540,000, dhidi ya 3,078,000 ya vyumba viwili vya hoteli. Nafuu ya 538,000, na chakula cha mchana na jioni kikipikwa nyumbani pengo linakuwa kubwa zaidi.

Kwa usiku miwili sivyo. Ada ya usafi ni ileile, pengo linabaki kama 146,000, na gari la kwenda sokoni na kurudi linalila. Pia nyumba haina mtu wa kukubadilishia kiyoyozi kikifa saa tano usiku.

---

NgalawaNyeupe

Assalaam aleikum nyote. Dada, nyumba ni chaguo zuri, ila nyumba za huku pwani zina mambo ambayo kwenye tangazo hayaandikwi.

La kwanza umeme. Mita za huku ni za kulipia kabla, za TUKUZA. Nyumba nyingi zinaandika "umeme umo", ukifika unaambiwa umo wa taa na friji, kiyoyozi ununue mwenyewe. Muulize mwenyewe kwa maandishi: uniti ngapi zimo kwa siku, na mita itasomwa nani siku mnayoingia. Piga picha ya mita mlangoni pale pale. Viyoyozi vitatu usiku kucha na watoto wanaofungua milango kila saa, uniti zinakwenda mbio.

La pili maji. Uliza ukubwa wa tangi na kama pampu inafanya kazi umeme ukikatika. Watu wanane wakioga mara mbili kwa siku baada ya bahari, na nguo za mtoto mdogo zinafuliwa, tangi la lita 1,000 halifiki kesho yake jioni. Mpate lisilopungua lita 2,000, au tangi liwe linajazwa kila siku. Maji ya kisima huku pwani ya mashariki mengi yana chumvichumvi, kwa hiyo ya kunywa na ya kupikia nunueni madumu makubwa. Watu wanane kwenye joto la Desemba wekeni lita 20 kwa siku, hapo na chai imo.

La tatu ni ngazi, kwa ajili ya bibi. "Nyumba ya chini" si kitu kilekile na "chumba chini". Nyumba nyingi za wageni zina sebule na jiko chini na vyumba vyote juu, kisha ngazi yenyewe ni ya mawe, nyembamba, haina cha kushikia. Omba video ya mtu akitembea kutoka getini hadi kitanda cha bibi hadi chooni. Tazama vizingiti, tazama kama choo kina kidato. Muombe pia aonyeshe bwawa lilivyo, kama lipo. Kwa mtoto wa miaka miwili bwawa lisilo na uzio linamfunga mtu mzima mmoja kutwa nzima, na wakubwa mna wawili tu.

Soko: msisubiri kununua Paje au Jambiani. Maduka ya huko yanauza kwa bei ya mtalii. Mkishuka botini, piteni Darajani au Mwanakwerekwe mchukue mchele, unga, mafuta, nazi, viazi, vitunguu na matunda ya siku tatu. Mchele kilo moja na nusu kwa mlo inawatosha ninyi na inabaki ya mtoto. Samaki pekee ndiye wa kununua kijijini, wavuvi wanaporudi. Mpishi mwulizeni bei yake ni ya kupika tu au na kwenda sokoni. Hizo ni kazi mbili.

Sehemu. Jambiani, Paje na Bwejuu nyumba ni za bei nafuu kuliko kaskazini, lakini maji hutoka mbali sana. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, huku maji yanakuwa yametoka kabisa karibu saa nne asubuhi na yanajaa karibu saa kumi jioni. Hapo watoto watapata kuogelea alasiri tu, asubuhi ni kutembea juu ya mwamba kutafuta kaa, na wawe na viatu vya mpira vya kufunga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inageuka: yanajaa asubuhi, na hata yakitoka hayendi mbali. Kwa hiyo kabla ya kulipa tazameni kalenda ya mwezi. Nungwi na Kendwa mtaogelea karibu saa zote, ila mtalipia hilo. Kwa familia yenu mimi ningechukua Jambiani, pametulia, na mchanga wa juu ni mpana, bibi anakaa kivulini anawaona wote.

Gari kutoka bandarini: mtaambiwa Noah inatosha. Noah ina viti saba au nane pamoja na dereva, na hata mkienea hakuna pa kuweka mabegi. Chukueni HiAce moja, mkubaliane bei ya gari zima, si ya kichwa, na iwe kwenda pamoja na kusimama sokoni saa moja.

---

MamaWaMakulu

Nawashukuru sana, hiyo ya binti wa 17 kuhesabiwa mkubwa wa pili sikuwa nayo kabisa. Tarehe 6 hadi 12 inawezekana kwetu, na mwenye nyumba ya Jambiani nimeshamwomba video ya njia ya bibi.

Maswali mawili yamebaki. Treni na boti, au ndege Dodoma hadi Zanzibar? La pili, mdogo wangu yuko Leicester, ana watoto wawili wa miaka 10 na 13, wote watatu wana pasi za Uingereza. Anataka tuungane. Tutakuwa 11.

---

Behewa_C

Treni: nauli ya kawaida Dodoma hadi Dar ni 31,000. Kwenu wanaolipa kamili ni wanne (wewe, bibi, 17, 14) = 124,000. Nusu ya 15,500 ni watatu (12, 9, 6) = 46,500. Mdogo chini ya miaka 4 halipi, lakini hana kiti. Kwenda 170,500, kwenda na kurudi 341,000. Mkikata tiketi nane za watu wazima kwa haraka ni 248,000 kwa kwenda tu, na hiyo hutokea, kwa sababu watu hukimbilia kubonyeza idadi ya abiria bila kubadilisha aina ya abiria. Angalia kama wa 12 hatimizi 13 kabla ya tarehe ya kurudi.

Kateni wote kwa mkupuo mmoja ili viti viwe pamoja. Mkikata leo watano na kesho watatu, hao watatu wanaweza kuwa behewa jingine, na hapo bibi anahama au mtoto analia. Watu wazima wabebe kitambulisho kilekile kilichoandikwa kwenye tiketi, watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa. Za wale wa kaka yako ndizo zisisahaulike.

Panda treni ya asubuhi. Safari inachukua muda wa saa tatu na nusu hadi nne mpaka Dar, na kutoka stesheni hadi bandari ya boti ni karibu, mnakwenda kwa bajaji. Boti ya mwisho ya mwendokasi huondoka alasiri. Mkichukua treni ya mchana na ikachelewa kidogo, mnalala Dar: vyumba viwili, chakula cha jioni cha wanane, na usiku mmoja wa Jambiani uliolipiwa bure. Acheni nafasi isiyopungua saa mbili na nusu kati ya kufika stesheni na kuondoka kwa boti. Boti nayo ina bei ya raia na bei ya mgeni, kwa hiyo mdogo wako na wanawe watakatiwa kwa bei ya wageni hata mkiwa foleni moja.

---

TiketiMkononi

Kuhusu ndege, kwa kuwa umeuliza.

Mtoto wako mdogo: akisafiri tarehe 6 ni kichanga wa mapajani, analipa sehemu ndogo ya nauli. Tarehe 12 akirudi ameshatimiza miwili, lazima awe na kiti chake na nauli ya mtoto. Shirika linaangalia umri wa siku ya kila safari, halitazami siku uliyokata tiketi. Mkimwandika kichanga kwenda na kurudi, mtasimamishwa kaunta ya kurudi na kununua kiti kwa bei ya siku hiyo, kama kipo. Wapigie simu wakati wa kubuki, waandike kwenda kichanga na kurudi mtoto. Kumbuka pia mtu mzima mmoja hubeba kichanga mmoja tu. Mwenye mapacha bila mwenza lazima anunue kiti cha wa pili.

Bei: usitafute viti saba kwa mara moja halafu ukaishia hapo. Mashirika hugawa viti kwa madaraja ya bei. Vikiwa vimebaki viti vinne vya bei ya chini na wewe umeomba saba, mfumo unaruka hadi daraja lenye viti saba na kukupa vyote kwa bei hiyo ya juu. Tafuta kiti kimoja uone bei. Kisha vitatu, vinne, vitano. Inapopanda ghafla ndipo daraja limekwisha. Kata wanne kwa bei ya chini kwanza, kisha watatu waliobaki. Masharti: kila rekodi ya kubuki iwe na mtu mzima wa kweli ndani yake, wewe na kundi moja, bibi na kundi la pili. Halafu piga simu shirika waziunganishe rekodi hizo mbili, maana safari ikifutwa, kila rekodi inapangiwa ndege yake.

Usigawanye zaidi ya mara mbili. Faida inakuwa ndogo na hatari kubwa.

Kwa watu 11, mitandao mingi inaishia abiria 9. Kuanzia 10 unaambiwa uombe bei ya kundi. Bei ya kundi mara nyingi si ya chini kuliko zote, ila inaruhusu kulipa kianzio na kuleta majina baadaye. Kwenu haina maana, kwa kuwa hao watatu wanatoka upande mwingine.

Mawazo yangu: kwa idadi yenu, nauli za ndege mara saba kwenda na mara nane kurudi ndizo zitakazokuwa gharama kubwa kuliko nyumba. Treni na boti.

---

PwaniNaBaridi

Nipo huku Uingereza, nijibu la mdogo wako.

Tarehe 6 hadi 12 Desemba watoto wa huku bado wapo shuleni. Shule za England hufunga karibu tarehe 19 au 20 na kufungua siku za mwanzo za Januari. Kumtoa mtoto shuleni bila ruhusa kwa siku tano kunaweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21. Ikipita hapo ni 160. Kwa watoto wawili, hata mzazi mmoja tu ni 160 kwa uchache. Na msidhani mtahamishia katikati ya mwaka: likizo ya Tanzania ya Juni inaisha kabla ya shule za England kufunga Julai. Mnakutana Krismasi, na siku chache za Pasaka.

Kwa hiyo ama wanane wahamie bei za Krismasi kwa ajili ya watatu, au watatu waje baadaye. Mimi nasema watatu waje baadaye. Ninyi nendeni 6 hadi 12, wao wafike tarehe 20 na kuendelea, Krismasi ifanyike Dodoma ambako kulala ni bure. Wakitaka bahari, watatu kupata chumba ni rahisi, wanane ndio wagumu.

Tiketi zao: kodi ya abiria wa ndege ya Uingereza haitozwi kwa walio chini ya miaka 16 wanaokaa daraja la kawaida. Wa 13 ndiye wa kuangalia. Mashirika humwandika mtu mzima kwa sababu amepita 11, na kodi inaingia bila mtu kushtuka. Aingize tarehe ya kuzaliwa, afungue mchanganuo wa kodi kabla ya kulipa, na kama ameshalipa adai kurudishiwa. Akipandishwa daraja la juu msamaha huo haupo.

Wakivuka kwenda Unguja, wenye pasi za Uingereza wanatakiwa kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024: dola 44 kwa mtu mzima na nusu yake, 22, kwa wa miaka 3 hadi 17. Kwao watatu ni dola 88. Bima waliyonunua Uingereza haichukui nafasi yake. Iingie kwenye bajeti mapema.

Na kama anasafiri bila baba wa watoto: sheria ya England inataka idhini ya kila mwenye haki za mzazi kabla ya kumtoa mtoto nchini, isipokuwa ana amri ya mahakama inayosema mtoto anaishi naye, hapo anaweza kumtoa hadi siku 28. Barua ya baba iwe na tarehe za safari, anwani watakakofikia, namba ya simu, na nakala ya kitambulisho chake. Maofisa wa mpakani huiuliza zaidi pale jina la ukoo la mama na la watoto yanapotofautiana.

---

MamaWaMakulu

Nimeelewa. Tunakwenda sisi wanane tarehe 6, treni na boti, nyumba Jambiani. Mdogo wangu atakuja Krismasi Dodoma. Mwenye nyumba anataka nusu ya malipo leo kwa namba ya simu. Kuna la kuangalia?

---

Kibweta

Yapo. Kabla ya kutuma, mpigie kwa video akiwa ndani ya nyumba, akuonyeshe vitanda kimoja kimoja na mita ya TUKUZA. Hesabu vitanda, usikubali "tutaongeza godoro". Jina linalotokea kwenye namba ya malipo liwe la biashara au la mtu aliyeandikwa kwenye makubaliano. Likiwa jina la tatu, simamisha hapo hapo. Nusu ni nyingi, mwombe asilimia 30, iliyobaki siku ya kuingia baada ya kukagua.

Makubaliano yaandikwe hata kwenye WhatsApp: tarehe na saa ya kuingia, watu wanane akiwemo mtoto wa miaka miwili, uniti ngapi za umeme, ada ya usafi, nani anajaza maji, na masharti ya kuahirisha. Hili la mwisho lina uzito kwa familia yenye watoto wengi kwa sababu mmoja akiugua, wote hawaendi. Omba neno "kuahirisha tarehe bila kupoteza kianzio, taarifa ya siku saba" liwemo.

Kwa wale wawili wa kaka yako, chukua barua ya serikali ya mtaa inayosema unaishi nao, nakala za vyeti vyao, na barua fupi ya baba yao yenye namba ya simu inayopatikana. Ndani ya nchi mara nyingi haiulizwi, lakini mtoto akifikishwa hospitali usiku hutaki kuanza kueleza ushangazi wako kaunta.

Na HiAce kodisha ya kwenda na ya kurudi kwa dereva mmoja, ulipe nusu tu mkishuka Jambiani. Tarehe 12 akufuateni mapema kwa boti ya asubuhi. Mkifika Dar kabla ya saa sita mtaiwahi treni ya jioni bila kukimbizana na bibi.

---

NgalawaNyeupe

Nyongeza moja: mwambie mwenye nyumba aweke chandarua kwenye kitanda kidogo cha mtoto pia. Vitanda vikubwa huwa navyo, cha mtoto husahaulika.